Je, Wajua? Koo la Mtu Mzima Baada ya Kisu

Je, wajua kwamba anayekoroma kwa kishindo usiku kucha huenda ndiye anayelala vibaya kuliko wote nyumbani? Sikiliza vizuri: mkoromo, kisha kimya cha ghafla, kisha anagutuka na kuhema kama aliyeibuka kutoka majini. Kile kimya ndicho ugonjwa. Koo limejifunga, hewa haipiti, na ubongo unalazimika kumzindua mwenyewe ili avute pumzi. Asubuhi hakumbuki lolote, ila kichwa kinagonga na mdomo umekauka. Madaktari huiita hali hiyo apnia ya usingizi.

Je, wajua inavyopimwa? Pumzi ikikatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, inahesabiwa mara moja. Mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa hafifu, 15 hadi 29 ni wa wastani, 30 na kuendelea ni mkali. Mara 30 kwa saa ni sawa na kukabwa kila baada ya dakika mbili, tangu unapolala hadi alfajiri.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalionyesha kwamba watu milioni 936 duniani, wa umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili. Kati yao milioni 425 wako katika kiwango cha wastani au kikali. Huku kwetu wengi hawajui kuwa wanaugua. Husema wamekabwa na jinamizi, au ni uchovu wa shamba, au ni uzee umeanza kubisha hodi.

Je, wajua kwamba mwenye apnia isiyotibiwa anakabiliwa na hatari ya ajali barabarani mara mbili hadi tatu ya mtu mwingine? Karatu, mji wetu huku kaskazini mwa Tanzania, ni mji wa madereva. Magari ya watalii hupandisha kila asubuhi kuelekea lango la Loduare la Ngorongoro, na jioni hushuka yakiwa na watu wamechoka. Dereva aliyelala kwa muda wa saa nane kitandani na bado anasinzia kwenye usukani asiitwe mzembe. Apelekwe akapimwe.

Je, wajua kwamba futi kamba ya fundi cherehani ni kipimo cha hospitali? Mwaka 2008 madaktari wa Toronto, Kanada, walichapisha maswali ambayo leo hutumika duniani kote, na yako manane tu. Unakoroma kwa sauti kubwa? Unachoka mchana? Kuna aliyeona pumzi yako ikikatika usingizini? Una shinikizo la damu? Una unene wa kupindukia? Umevuka miaka 50? Shingo yako inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ukijibu ndiyo mara 3 au zaidi, mwone daktari. Akina mama nao wasijitoe kwa sababu ya swali la mwisho: hedhi ikishakoma, hatari yao hupanda.

Je, wajua kwamba utafiti mmoja maarufu sana wa usingizi ulifanywa kaskazini mwa Tanzania, kwa Wahadzabe, ambao nchi yao ni bonde la Ziwa Eyasi, chini tu ya Mlima Oldeani? Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Watu wazima 33 walivaa vifaa vidogo mkononi kwa siku 20, vikirekodi nani amelala na nani yuko macho. Katika zaidi ya saa 220 zilizopimwa, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Zamu haikupangwa na yeyote. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, wengine waligutuka katikati ya usiku, na kambi ikawa na mlinzi karibu wakati wote. Mimi naona humo kuna funzo kwa mgonjwa wetu: mwenye apnia hawezi kujisikia mwenyewe. Mpimaji wake wa kwanza ni aliye macho karibu naye, yaani mke, mume, mtoto au mgeni wa chumba cha pili. Video ya dakika chache iliyorekodiwa kwa simu usiku humsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya mchana.

Nyani wanaowapora watalii ndizi pale lango la Loduare nao wana nafasi katika habari hii. Je, wajua kwamba watafiti walipolinganisha makaakaa ya wanyama mbalimbali, kimeo kilionekana kwa binadamu, na kwa nyani wawili tu ambao chao kilikuwa kidogo na hafifu? Kimeo, ambacho wengine hukiita kidaka tonge, hutoa mate mepesi ya kulainisha koo. Ndiyo maana aliyepunguzwa kimeo hulalamika kwa muda mrefu kwamba koo limekauka.

Je, wajua kwamba koo la binadamu halina mfupa wa kulizunguka na kulishikilia wazi? Hata mfupa mdogo ulio chini ya ulimi haujaungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Umening'inizwa kwa misuli na kano. Mwaka 2003 daktari Mmarekani, Terence Davidson, alitoa hoja kwamba mabadiliko ya kale yaliyompa binadamu uwezo wa kusema ndiyo yaliyomwachia koo refu na laini linalojifunga usingizini. Ni hoja tu, lakini katika eneo la Ngorongoro, ambako nyayo za mababu wa kale wa binadamu pale Laetoli zina umri wa miaka zaidi ya milioni 3.6, hoja ya namna hiyo inastahili kusikilizwa.

Je, wajua kwamba kukata kimeo ni upasuaji wa jadi uliozoeleka Tanzania miaka mingi kabla ya jina la apnia kusikika? Mtoto akikohoa bila kupona, akitapika au akidhoofu, wazazi huambiwa kimeo kimerefuka, na fundi huitwa na kisu chake. Madaktari wameandika juu ya mila hiyo kwa miongo mingi, na hospitali zetu kubwa zimepokea watoto waliotokwa damu nyingi, waliopata maambukizi na hata waliopoteza maisha. Nalisema hili bila kuzunguka: kikohozi cha mtoto hakitokani na kimeo. Na mtu mzima anayekoroma asidhani fundi huyo atamsaidia. Kinachoziba koo usiku ni tonsili zilizovimba, kaakaa laini lililolegea, ulimi uliorudi nyuma na kuta za koo zilizosogeana. Kukata kimeo peke yake hakutibu apnia, hata kikikatwa na daktari bingwa.

Kisu cha hospitali kina historia yake. Mwaka 1969 Ujerumani, mgonjwa wa apnia kali alitobolewa tundu shingoni ili apumulie chini ya mahali panapoziba. Ilifaa, lakini nani anataka kuishi na tundu shingoni? Huko Japani, Ikematsu Takenosuke alikuwa tayari akipunguza makaakaa ya wakoromaji. Mwaka 1981 Shiro Fujita na wenzake wa Detroit, Marekani, wakaandika juu ya upasuaji wa kuondoa tonsili, kupunguza kaakaa laini na kimeo, na kushona upya nyuma ya mdomo ili njia ipanuke. Mwaka huohuo, kule Sydney, Colin Sullivan alitangaza mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa. Tiba mbili kubwa za ugonjwa huu zina umri mmoja.

Je, wajua kwamba mabingwa wengi wa leo hukata kidogo na kushona zaidi? Mwaka 2007 Kenny Pang wa Singapore na Tucker Woodson wa Marekani walieleza mbinu ya kuhamisha msuli wa ukuta wa koo na kuufunga juu pembeni, ili koo libaki wazi bila kufyeka nyama nyingi. Muulize daktari wako wa masikio, pua na koo atafanya aina gani. Ni haki yako kujua.

Sasa tuingie kwenye majuma mawili baada ya upasuaji, ambayo mgonjwa huyapitia akiwa mbali na daktari.

Je, wajua kwamba mtoto aliyetolewa tonsili huweza kurudi kucheza baada ya wiki, ilhali mtu mzima huumwa siku 10 hadi 14, na aliyeguswa kaakaa huweza kuzidi hapo? Na maumivu hayapungui siku hadi siku kwa mpangilio. Siku ya kwanza mtu hujiona shujaa kwa kuwa dawa za chumba cha upasuaji bado zimo mwilini. Kati ya siku ya tatu na ya saba ndipo wengi hulia machozi. Ukilijua hilo mapema hutadhani umeharibiwa.

Je, wajua kwamba sikio litauma ingawa halikuguswa? Mshipa wa fahamu unaohudumia koo una tawi sikioni. Usitie mafuta ya moto wala matone yoyote. Maumivu ya koo yakipungua, na sikio litatulia.

Ukimulika koo kwa tochi ya simu utaona utando mweupe au wa manjano iliyofifia pale tonsili zilipokuwa. Si usaha, ni gamba la kidonda. Mdomo utanuka, na hilo pia ni kawaida. Usilikwangue gamba hilo kwa kidole, kijiti wala mswaki. Nyuzi zikining'inia usizivute. Huyeyuka au kudondoka zenyewe baada ya wiki chache.

Je, wajua kwamba maji au uji unaweza kutokea puani? Kaakaa laini ndilo linaloziba njia ya pua tunapomeza, na likivimba au likifupishwa linavuja. Kaa wima, meza funda dogo dogo. Kwa wengi hali hiyo hupotea baada ya siku au majuma machache. Sauti nayo hubadilika kidogo na kutokea puani. Wazungumzaji wa Kiiraqw, lugha yenye sauti zinazotengenezwa nyuma kabisa ya kinywa, wamweleze daktari kabla ya upasuaji, hasa wahubiri, walimu na waimbaji wa kwaya.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji una hatari yake, na watu hawauogopi inavyostahili. Koo limevimba, kwa hiyo apnia huweza kuwa mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya kisu. Ndiyo sababu mgonjwa aliye mtu mzima hulazwa wodini akifuatiliwa oksijeni. Ukiruhusiwa, lala umeinua kichwa na kifua kwa mito kadhaa, au kwa ubavu, na ukiwa na mashine ya kusukuma hewa endelea nayo mpaka daktari aseme basi.

Je, wajua dawa ipi ya maumivu huweza kukuua usingizini? Zile za jamii ya mofini, pamoja na kodeini na tramadoli, hupunguza msukumo wa kupumua, na mwenye apnia hana akiba ya pumzi ya kuchezea. Zitumike kwa amri ya daktari tu, kwa kiasi alichoandika. Vidonge vya usingizi na pombe, iwe bia au ya kienyeji, vyote hulegeza misuli ya koo. Parasetamoli inywewe kwa saa, isisubiri maumivu yapande, na isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima. Asipirini iachwe, maana huzuia damu kuganda. Ukinywa dawa nusu saa kabla ya chakula, utameza kwa nafuu.

Na kumeza ni lazima. Asiyekunywa hukauka, koo likikauka linauma zaidi, likiuma zaidi hanywi, na mwisho wake ni kurudi hospitali kutundikiwa dripu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ongeza maji.

Chakula kipo, tena cha nyumbani. Mtori uliopoa, uji mwembamba, maziwa mgando, ndizi mbivu iliyopondwa, parachichi, viazi vilivyosagwa, mayai laini, supu iliyochujwa. Ukiweza, sogea taratibu kwenye ugali laini na mlenda, kwa sababu kumeza hufanya misuli ya koo isikakamae. Makande yasubiri; ganda la mahindi hukwaruza kidonda. Kachumbari ya vitunguu vya Mang'ola, pilipili, ukwaju, limau na chungwa vyote huchoma. Kahawa ya Oldeani ni fahari yetu, ila isinywewe ikifuka moshi: kinywaji cha moto hupanua mishipa ya damu pale pale kidonda kilipo. Iache ipoe. Na msimu wa kuvuna ukikukuta na kidonda, usibebe gunia kwa majuma mawili, kwani kukaza mwili hupandisha shinikizo la damu hadi kooni.

Je, wajua kwamba hali ya hewa ya Oldeani ina neno lake katika kupona? Vijiji vyake viko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganisha na Tanga au Dar es Salaam. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, pengo hukaribia robo. Mtu ambaye pumzi yake hukatika akiwa huko juu huanza na oksijeni kidogo. Juni hadi Agosti kuna baridi, na kiangazi vumbi jekundu la Karatu huingia kila mahali. Anayepumulia mdomo usiku huamka koo limekauka na maumivu ya alfajiri huwa makali kuliko ya siku nzima. Weka maji karibu na kitanda. Kaa mbali na moshi wa jiko la kuni, na sigara isiwashwe ndani ya nyumba hiyo hata na mgeni.

Nimeliacha kwa makusudi hili la sasa, nipate kulieleza kwa nafasi. Je, wajua kwamba damu inayotisha zaidi haitoki siku ya upasuaji? Kuna damu ya saa 24 za kwanza, ambayo kwa kawaida hukukuta bado uko hospitali. Halafu kuna ile ya pili, inayokuja gamba linapobanduka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza, uliotolewa mwaka 2005 na kuhusisha wagonjwa wa tonsili wapatao 34,000, ulikuta damu kwa asilimia 3.5 yao, na asilimia 0.9 walirudishwa chumba cha upasuaji. Watu wazima walitokwa damu zaidi ya watoto. Asilimia hizo ni ndogo kwa anayeishi jirani na hospitali yenye bingwa wa koo. Sasa fikiria aliyepasuliwa hospitali ya KCMC, Moshi, akapanda basi siku ya nne kwa sababu nauli na chakula cha mjini vinammaliza. Kutoka Moshi hadi Karatu ni zaidi ya kilomita 200, halafu bado kuna kipande cha kwenda Oldeani. Siku ya saba, saa nane ya usiku, damu inaanza, na nyumbani gari ni la kuazima.

Kwa hiyo panga kabla ya kukubali tarehe. Tafuta ndugu wa Moshi au Arusha wa kukupokea hadi siku ya 14, hata kama ni binamu wa mbali. Shangazi asiyekuona miaka mingi hatakataa mgonjwa. Familia ichangie kitanda hicho kama inavyochangia upasuaji wenyewe. Ikishindikana kabisa, baki Karatu mjini badala ya kupanda shambani, uwe karibu na Hospitali ya Kilutheri au hospitali ya FAME, namba ya mwenye gari ikiwa mkononi, na karatasi ya kuruhusiwa hospitali ikae mfukoni.

Damu ikianza, kaa wima, inama mbele, iteme wala usiimeze, suuza kwa maji ya baridi sana yakiwepo, na safari ianze papo hapo. Michirizi kidogo kwenye mate inaweza kukoma yenyewe, lakini damu nyekundu inayoendelea, au mabonge, haingoji kukuche. Usimlaze mgonjwa chali. Usimpe dawa ya kienyeji ya kukausha damu. Homa ndogo siku za mwanzo si ajabu, ila ikipita 38.5 mpigie daktari.

Je, wajua kwamba umeme nao ni sehemu ya tiba? Mwenye mashine ya kusukuma hewa anahitaji betri au sola ya akiba, kwani kukatika kwa umeme usiku ni kukatika kwa pumzi. Mashine za kisasa nyingi hujirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko. Za zamani huhitaji kurekebishwa. Uliza unapoinunua.

Je, wajua kwamba uzito unacheza na hesabu ya usiku? Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliotolewa mwaka 2000, ulionyesha kwamba uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, pumzi zinazokatika huongezeka kwa takriban asilimia 32. Ukipungua kwa asilimia 10, hupungua kwa takriban asilimia 26. Wagonjwa wengi hukonda majuma mawili ya maumivu. Usifanye haraka kuurudisha mwili wote.

Na je, upasuaji wenyewe huponya? Hapa wagonjwa wengi huambiwa nusu ya habari. Mapitio ya mwaka 1996 yalikuta upasuaji wa mtindo wa Fujita ukifaulu kwa takriban wagonjwa 41 kati ya 100. Mwaka 2002 Michael Friedman wa Chicago akaonyesha kwamba inategemea koo lenyewe: wenye tonsili kubwa na ulimi uliokaa chini walifaulu 80 kati ya 100, wenye tonsili ndogo na ulimi uliojaa kinywa walifaulu 8 tu. Jaribio la Sweden la mwaka 2013, lililohusisha wagonjwa 65 waliochaguliwa vizuri, liliona pumzi zinazokatika zikipungua kwa asilimia 60 kwa waliopasuliwa, na kwa asilimia 11 kwa waliosubiri. Maana yake kisu ni dawa nzuri kwa koo linalofaa, na ni maumivu ya bure kwa lisilofaa. Mwombe daktari akuambie koo lako liko kundi gani kabla hujasaini fomu.

Tena mkoromo huweza kukoma huku pumzi zikiendelea kukatika kimyakimya, kwa sababu nyama iliyokuwa ikitetemeka imeondolewa lakini nyuma ya ulimi bado panajifunga. Kwa hiyo, ndugu msomaji, miezi 3 hadi 6 baada ya kisu rudi ukapimwe usingizi upya, hata kama nyumba nzima inakupongeza kwamba umeacha kukoroma.